Lengo la muda kwa mwogeleaji mtu mzima: muda wako, viwango vya umri, pointi au mwendo wa mazoezini?

Msimu mpya ukianza, kocha wa watoto hapati shida kubwa kutafuta malengo. Mtoto wa miaka 12 anarefuka, mikono inarefuka, na muda unashuka karibu wenyewe. Mtu mzima hana msaada huo. Ana kazi, ana familia, pengine ana bega linalouma kila akizidisha, na kila sehemu ya sekunde anayoipunguza ameitolea jasho. Kwa hiyo namba anayojiwekea ina uzito. Ikiwa sahihi itamtoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Ikiwa mbaya itamtoa kwenye mchezo kabisa. Nimewaona waogeleaji wazuri wakiacha kwa sababu ya namba isiyowafaa, na jambo hilo linaniuma, maana kuogelea ni miongoni mwa michezo michache ambayo mtu anaweza kushindana akiwa na miaka 30 na bado akashindana akiwa na miaka 80.

Njia za kuweka lengo la muda zinaonekana nyingi, lakini nyingi zinarudi kwenye nne: kuushinda muda wako mwenyewe, kufikia muda uliochapishwa kwa kundi lako la umri, kutafuta pointi, na kuliweka lengo kwenye mwendo wa mazoezini badala ya kwenye matokeo ya siku ya mashindano. Kila moja ina watu wake. Hapa nazipima zote kwa mizani ileile, ili aliyekwama katikati apate pa kuanzia.

Mizani yenyewe

Cha kwanza ni umri. Tafiti zilizofuatilia muda wa waogeleaji watu wazima wa Marekani zilionyesha kwamba uwezo hushuka polepole, karibu kwa mstari ulionyooka, hadi kwenye miaka 70 hivi, kisha mteremko unakuwa mkali. Lengo la mtu wa miaka 52 ambalo halijui jambo hilo litamwonea.

Cha pili: jibu linakuja mara ngapi? Ukijiwekea lengo ambalo linaweza kujibiwa siku moja tu kwa mwaka, utafanya mazoezi miezi kumi na moja bila kujua kama unakwenda au umesimama. Mimi kigezo hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote. Mtoto ana mashindano ya shule, ya klabu, ya mkoa. Mtu mzima, hasa katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, anashukuru akipata mawili au matatu.

Cha tatu ni usafi wa kipimo. Mita 100 katika bwawa la mita 25 zina migeuko mitatu. Katika bwawa la mita 50 upo mmoja. Kila mgeuko ni nafasi ya kuusukuma ukuta na kuteleza chini ya maji, kwa hiyo bwawa fupi huwa na muda mdogo zaidi. Saa nayo ina mambo yake. Anayepima kwa mkono husubiri mlio ndipo kidole kiwashe, lakini mwishoni anamwona mwogeleaji akija na kidole kinazima bila kuchelewa. Matokeo yake muda wa mkono hutoka mdogo kuliko wa kielektroniki kwa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Ndiyo sababu kanuni ya siku nyingi inataka wapima muda watatu kwa kila njia ya bwawa: wawili wakikubaliana muda wao ndio unaoandikwa, na wote wakitofautiana unachukuliwa ule wa katikati.

Cha nne ni siku mbaya. Umelala kwa saa nne tu, mtoto alikuwa na homa, foleni ilikuchosha kabla hujafika bwawani, ukaogelea ovyo. Je, lengo lako linabaki limesimama, au linabomoka palepale?

Na mwisho, linamfaa nani.

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mwogeleaji mmoja wa mfano. Ni mwanamume wa miaka 44, anatimiza 45 mwezi Desemba. Mita 100 mtindo huru, bwawa la mita 50, ameogelea dakika 1 na sekunde 12, yaani 1:12.00. Anatamani kushuka chini ya 1:10.

Njia ya kwanza: kuushinda muda wako mwenyewe

Hii ndiyo wengi wanaanza nayo, na ina haki ya kuwa ya kwanza. Unachukua muda wako bora, unaupunguza kwa asilimia fulani, unaandika. Kwa mtu wetu, asilimia 1 ni sekunde 0.72, maana yake 1:11.28. Asilimia 2 inampeleka 1:10.56. Ile 1:10 anayoitamani inataka karibu asilimia 2.8. Kwa aliyekuwa anaogelea mara moja kwa wiki na sasa anaongeza hadi mara tatu, hilo linawezekana ndani ya msimu. Kwa aliyekwisha kufanya mazoezi kwa bidii miaka mitano mfululizo, ni mzigo mkubwa, na ningemshauri augawe kwa misimu miwili.

*Umri.* Hapa njia hii ina udhaifu wake mkubwa. Muda wako bora haujui una miaka mingapi. Anayeumia zaidi ni yule aliyeshindana ujanani kisha akarudi baada ya miaka 15, kwa sababu kichwani anabeba namba ya mwili mwingine. Akiwa alishindana mwaka 2008 au 2009 hali ni ngumu zaidi: ndiyo ilikuwa miaka ya mavazi ya mwili mzima yaliyomwinua mtu majini, na kwenye mashindano ya dunia ya Roma 2009 pekee zilivunjwa rekodi 43 za dunia. Mavazi hayo yakapigwa marufuku kuanzia 2010. Kuufukuza leo muda wa vazi lile ni kujidhulumu.

Hata hivyo nisikukatishe tamaa, kwa sababu mlango haufungwi na umri peke yake. Dara Torres wa Marekani alipata shaba ya mita 50 mtindo huru Sydney 2000 kwa 24.63, akiwa na miaka 33. Miaka minane baadaye, Beijing, akiwa na miaka 41 na ni mama, aliogelea 24.07 akachukua fedha, nyuma ya Britta Steffen wa Ujerumani kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Kweli, mavazi ya 2008 yalisaidia kila aliyekuwa kwenye bwawa lile. Lakini mavazi hayakumfanyia mazoezi.

*Jibu.* Linakuja kila unaposhindana, na unaweza kujipima mwenyewe bwawani. Ila tofautisha vitabu viwili: muda wa kujirusha kutoka kwenye jukwaa na muda wa kuusukuma ukuta. Kujirusha kunaokoa sekunde moja, mbili au zaidi. Wengi wanavichanganya, kisha wanashangaa mashindanoni.

*Kipimo.* Kisafi, mradi bwawa ni lilelile na saa ni ya aina ileile.

*Siku mbaya.* Inauma lakini haiui. Muda wako bora haufutwi na siku mbovu. Unabaki kwenye daftari unakusubiri.

*Inamfaa* aliyejifunza kuogelea ukubwani, ambaye kila mwezi bado una kitu cha kumpa, na mtu ambaye hapendi kabisa kulinganishwa na wengine.

Njia ya pili: viwango vilivyochapishwa vya kundi la umri

Mashindano ya Masters, kama yanavyoitwa ya waogeleaji watu wazima, yalianza Amarillo, Texas, Mei 1970. Aliyeyasukuma alikuwa Ransom Arthur, daktari wa jeshi la majini la Marekani, ambaye alitaka mashindano yawape watu wazima sababu ya kuendelea kutunza miili yao. Mashindano ya dunia yakafuata Tokyo mwaka 1986. Watu wanagawanywa kwa makundi ya miaka mitano: 25–29, 30–34, na kuendelea hadi 100–104 na zaidi. Mwaka 2015 Mieko Nagaoka wa Japani, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1500 katika bwawa la mita 25 kwa saa 1, dakika 15 na sekunde 54. Alianza kuogelea akiwa na miaka ya themanini, kwa ajili ya goti. Makundi hayo yapo kwa sababu kuna watu wa kuyajaza.

Viwango vyenyewe viko vya aina kadhaa: muda wa kufuzu mashindano ya taifa, muda wa kiwango cha mashindano ya dunia, na orodha za kumi bora za mwaka kama zile zinazotolewa na U.S. Masters Swimming kwa kila mtindo, umbali, jinsia na kundi.

*Umri.* Hapa ndipo njia hii inang'aa. Umri unageuka kuwa rafiki. Kwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia la kuogelea, umri wa mashindano ya mita unahesabiwa kufikia tarehe 31 Desemba. Mtu wetu wa mfano, ingawa leo ana miaka 44, tangu Januari ni wa kundi la 45–49. Ni mdogo kuliko wote humo, na viwango vyake vimelegea kidogo bila yeye kufanya lolote. Waogeleaji wa Masters ndio watu pekee ninaowajua wanaosubiri kutimiza miaka 50 kwa hamu.

*Jibu.* Hapa ndipo inapokwama. Muda uliochapishwa unataka mashindano yanayotambuliwa, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Ukikosa kwa sehemu tatu za kumi za sekunde, karatasi inasema hapana, hata kama umejiboresha kwa sekunde mbili. Kumi bora ni gumu zaidi, kwa sababu halitegemei wewe peke yako. Mwaka ambao watu wawili wenye kasi wamepanda kundi pamoja, nafasi ya kumi inasogea mbali ukiwa hujafanya kosa lolote.

*Kipimo.* Soma jedwali kwa makini. Marekani mabwawa mengi ni ya yadi 25, na yadi 100 ni mita 91.44 tu. Aliyeko Nairobi au Muscat akichukua jedwali la yadi akalifananisha na muda wake wa mita, atajiona goigoi bure. Ndugu zetu wanaoishi Marekani wao wana majedwali matatu ya kutofautisha: yadi, mita 25 na mita 50, tena kwa yadi umri wao unahesabiwa kwa siku ya mwisho ya shindano, siyo 31 Desemba.

*Siku mbaya.* Hatari. Mashindano yakiwa moja kwa mwaka na siku hiyo ukaamka na mafua, mwaka wote unaonekana umepotea. Sijapenda kumwona mtu akilibeba lengo la namna hii peke yake bila jingine la kumshika mkono.

*Inamfaa* mwenye mashindano mengi karibu, mwenye hamu ya kusafiri kwenda mashindano makubwa, na aliyevuka miaka 50 au 60 ambaye muda wake bora wa zamani umekwisha kumpa yote uliokuwa nayo.

Njia ya tatu: pointi

Pointi za World Aquatics zina hesabu moja rahisi: chukua muda wa msingi, ambao ni rekodi ya dunia, ugawe kwa muda wako, jibu lizidishe kwa lenyewe na kwa lenyewe tena (jibu × jibu × jibu), kisha zidisha kwa 1000. Anayefikia rekodi anapata 1000.

Mtu wetu, tukitumia rekodi ya Pan Zhanle ya 46.40 aliyoiweka Paris 2024, anapata pointi 267 kwa 1:12.00 yake. Akitaka 300 inabidi aogelee 1:09.31. Tayari ana namba ya kufukuzia, tena ya duara inayokaa vizuri kichwani.

Uzuri mkubwa wa pointi ni kulinganisha vitu visivyofanana. Tuseme mtu huyohuyo anaogelea mita 200 mtindo huru kwa 2:42.00. Rekodi ya dunia ni 1:42.00 ya Paul Biedermann, Roma 2009. Anapata pointi 249. Kumbe mita 200 zake ziko nyuma ya mita 100 zake, na pengine pumzi ndiyo inayomwangusha kuliko kasi. Habari hiyo huwezi kuipata kwa kuutazama muda mtupu. Lakini angalia pia mwaka wa rekodi ile: 2009, mwaka wa yale mavazi. Kwa hiyo sehemu ya tofauti inatokana na msingi uliokaa juu, na pointi kumi au kumi na tano zisikuondolee usingizi.

*Umri.* Pointi za kawaida hazikujui. Unapimwa na kijana aliye kwenye kilele cha maisha yake. Kuna pointi za Masters, zinazotumika katika baadhi ya nchi za Ulaya, ambazo msingi wake ni rekodi ya kundi lako la umri kwa hesabu hiyohiyo. Hizo zina haki zaidi, ingawa kwenye makundi ya juu rekodi mara nyingi imewekwa na mtu mmoja wa ajabu, na watu wote wa kundi hilo wanapimwa kwa kivuli chake.

*Jibu.* Kila shindano, tena kwa kila mtindo unaoogelea. Mwenye mitindo minne ana nafasi nne za kupata habari njema siku moja.

*Kipimo.* Mita 25 na mita 50 zina misingi tofauti, kwa hiyo tatizo la bwawa linapungua sana. Msingi hufanyiwa marekebisho rekodi zinapovunjwa, basi andika pia muda wenyewe kando ya pointi. Usije ukadhani umerudi nyuma kumbe msingi ndio uliosogea.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Kwa kuwa hesabu inalizidisha jibu kwa lenyewe namna hiyo, sekunde moja haina thamani sawa kwa watu wote. Kwa mtu wetu wa 1:12, kupunguza sekunde moja ni kama pointi 11. Kwa mwogeleaji wa 48.00, mwenye pointi 903, sekunde moja ni zaidi ya pointi 50. Kwa hiyo mwogeleaji wa kawaida anafanya kazi ya msimu mzima na jedwali linamlipa kiduchu. Ukichagua pointi, jipangie ongezeko dogo: kwa mtu wetu, kutoka 267 hadi 280 ni kazi ya kujivunia.

*Siku mbaya.* Inavumilika, kwa sababu mtindo mmoja ukikuangusha mwingine unaweza kukuinua.

*Inamfaa* anayeogelea mitindo mingi, anayetaka kujua mtindo upi ndio wake kweli, na klabu yenye watu wa jinsia na mitindo tofauti wanaotaka kushindana wenyewe kwa wenyewe kwa haki.

Njia ya nne: mwendo wa mazoezini

Hii haisemi "nitaogelea 1:09". Inasema "nitashika mwendo huu, mara hizi, kwa mapumziko haya". Muda wa mashindano unakuja kama tunda.

Kuna namna mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni mwendo wa shindano. Mita 100 kwa 1:10 ni wastani wa sekunde 17.5 kwa kila mita 25. Mtu wetu anaogelea mita 25 mara 16, kila moja kwa sekunde 17.5 akianzia kusukuma ukuta, akipumzika sekunde 15 hadi 20 katikati. Mwezi wa kwanza labda anashika mara saba kisha anavunjika. Analiandika. Mwezi wa pili tisa. Akishika zote 16, 1:10 imeacha kuwa ndoto; imekuwa suala la siku.

Ya pili ni mwendo wa kudumu, kwa wapenda umbali. Ogelea mita 400 kwa nguvu zako zote, pumzika vizuri, kisha mita 200. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawa kwa mbili. Mtu wetu akipata 5:56 na 2:48, tofauti ni 3:08, nusu yake 1:34. Huo ndio mwendo wa kila mita 100 anaoweza kuubeba kwa muda mrefu bila kuzama, na lengo lake la miezi mitatu linaweza kuwa kuushusha hadi 1:31. Hahitaji shindano, hahitaji jukwaa, anahitaji saa ya ukutani na uaminifu.

Humo humo anaweza kupanga mgawanyo wa mbio. Kwa 1:10, mita 50 za kwanza 33.8 na za pili 36.2 ni mgawanyo wenye akili. Waogeleaji wengi watu wazima huondoka na 32 wakidhani wanaweka akiba, kisha mita 20 za mwisho mikono inakuwa mizito na akiba yote inaliwa.

*Umri.* Njia hii haikuulizi umri. Unaanzia ulipo leo.

*Jibu.* Kila wiki, hata kila kipindi. Hapa hakuna njia nyingine inayoikaribia.

*Kipimo.* Hapa uwe mkali. Mabwawa mengi ya hoteli yana mita 18 au 20, mengine yana umbo la figo, na mwendo uliopimwa humo haulingani na kitu chochote nje ya bwawa hilo. Anayefanya mazoezi baharini, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, aache kabisa kulinganisha muda wa siku na siku: maji yakijaa au yakipwa, kusi likivuma au kaskazi, mita 400 zilezile zinaweza kutofautiana kwa dakika nzima. Baharini pima pumzi, na idadi ya mikono kwa dakika. Muda wa haki utafute bwawani hata mara moja kwa mwezi.

*Siku mbaya.* Ndiyo njia yenye huruma kuliko zote. Ukishika mara sita badala ya tisa, Alhamisi ipo.

Ina kasoro yake lakini. Wako wanaokuwa mabingwa wa mazoezi. Wanashika kila mwendo, ila wakisimama juu ya jukwaa mbele ya watu miguu inatetemeka na mbio inawatoka mikononi. Mazoezi hayakufundishi kujirusha ukiwa na hofu, wala kugeuka kando yako kuna mtu anakupita. Halafu kuna mabega: kwa kuwa jibu linakuja kila siku, hamu ya kulitafuta kila siku nayo inakuja, na bega la miaka 44 halisamehi kama la miaka 20. Mwendo mkali mara mbili kwa wiki unawatosha wengi.

*Inamfaa* asiye na mashindano karibu, anayerudi baada ya jeraha au uzazi, na mwenye ratiba isiyotabirika.

Kulingana na hali yako

Ulishindana ujanani na umerudi. Piga mstari kwenye daftari. Juu ya mstari, muda wa zamani. Uache hapo, ni heshima yako. Chini yake anza orodha mpya: muda bora tangu kurudi. Msimu wa kwanza tumia mwendo wa mazoezini pamoja na orodha hiyo mpya, viwango vya umri vingoje msimu wa pili.

Ulijifunza ukubwani na hujawahi kushindana. Shindano la kwanza lisiwe na lengo la muda hata kidogo. Lengo ni kupata muda wa halali wa kuanzia. Baada ya hapo jishinde mwenyewe, asilimia 2 au 3 kwa msimu. Utashangaa unavyoshuka, kwa sababu bado una mengi ya kurekebisha kwenye kugeuka na kuteleza ambayo hayahitaji nguvu yoyote mpya.

Una shindano moja tu kwa mwaka. Usitegemee kiwango kilichochapishwa peke yake. Kiandike kama kitu cha juu, na chini yake weka mwendo unaojibiwa kila wiki. Wiki nne kabla ya shindano fanya jaribio moja la kweli klabuni: jukwaa, watu wawili au watatu wenye saa, mavazi yaleyale.

Uko Ulaya au Marekani, mashindano ni mengi. Viwango vya umri vitakupa raha, na pointi zitakuonyesha mtindo wa kuchagua. Ila usishindane kila mwisho wa wiki ukitegemea muda bora kila mara. Chagua mawili ya kujiandalia. Mengine yawe mazoezi.

Klabu yenu ina mchanganyiko wa watu, mama wa miaka 58 anayeogelea chali na kijana wa miaka 29 wa kipepeo. Pointi za Masters ndizo zitawaweka meza moja bila ugomvi. Ukikosa jedwali la msingi la umri, shindaneni kwa asilimia ambayo kila mmoja amejiboresha.

Bega linauma. Ahirisha malengo yote ya muda hadi daktari au mtaalamu wa viungo akuruhusu. Ukirudi, wiki sita za mwanzo hesabu vipindi ulivyoogelea bila maumivu, kisha ingia kwenye mwendo wa kudumu kabla ya ule wa shindano.

Umevuka 65 au 70. Kwa umri huu, kuushika muda wa mwaka jana ni kupanda, kwa kuwa mteremko wa mwili unaendelea wenyewe. Andika "muda uleule" kama lengo kamili, siyo kama kukosa lengo. Kisha tazama kundi linalofuata: mwaka unaoingia 70–74 au 75–79, jiandae kwa msimu huo mapema, kwa kuwa mwaka wa kwanza katika kundi jipya ndio wenye nafasi nzuri kuliko yote mitano.

Na njia yoyote utakayoichukua, namba isikae peke yake kwenye daftari. Iandikie masharti yake: bwawa la mita ngapi, saa ya mkono au ya kielektroniki, kujirusha au kusukuma ukuta, na tarehe ya kuliangalia upya. "1:10" tupu inaweza kuwa vitu vinne tofauti, "1:10.00, mita 50, kielektroniki, jukwaani, kufikia Novemba" ni kitu kimoja ambacho wewe na kocha wako mtakielewa sawasawa hata baada ya miezi minane.